Rimu za aloi zilizoharibika: kusoma dalili, kutafuta chanzo na kujua pa kuishia

Uharibifu wa rimu ya aloi ni wa aina mbili, na mwenye gari akizichanganya atamaliza fedha zake mahali pasipo na haja huku akiacha mahali penye hatari. Kuna uharibifu wa sura, yaani mikwaruzo ya ukingo wa barabara, rangi iliyobanduka na madoa meupe chini ya klia, yaani tabaka la juu linalopitisha mwanga. Kuna pia uharibifu wa umbo, yaani mdomo uliopinda, duara lililopoteza uduara wake na nyufa. Wa kwanza huonwa na kila mpita njia. Wa pili mara nyingi umejificha upande wa ndani unaotazama breki, ambako mdomo wa rimu, yaani ukingo wake, uko mbali na mikono (spoki) inayouimarisha, na ndiko hupinda kwanza gari linapoingia shimoni kwa kasi.

Rimu nyingi za aina hii, zile zinazoitwa spoti rimu madukani, ni aluminiamu ya kumimina iliyochanganywa na takriban asilimia 7 ya silikoni na magnesi kidogo, kisha ikapitishwa kwenye joto kwa utaratibu maalumu ili ipate ugumu. Jambo hilo linaeleza karibu kila onyo lililomo katika mwongozo huu. Aluminiamu ya kumimina haivumilii kugongwa kama chuma cha rimu za kawaida, na ugumu wake ulioingizwa kwa joto la kupimwa unaweza kuondolewa na joto lisilopimwa.

Maelezo yafuatayo yanahusu magari madogo na ya familia, si malori wala mabasi. Kabla ya ukaguzi wowote, liegeshe gari mahali tambarare, vuta hendibreki, weka vigingi kwenye matairi yanayobaki chini, legeza nati kidogo gari likiwa bado limekaa chini, ndipo ulinyanyue kwa jeki na kuliegemeza kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi hata kwa kazi ya dakika tano.

Upepo unapungua polepole na msumari hauonekani

Hili ndilo lalamiko linalojirudia kuliko yote. Tairi limejazwa mwanzoni mwa wiki, na ikifika mwisho wa wiki limepungua PSI 5 au zaidi, ilhali matatu mengine yako vilevile. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji ileile, kwa sababu shinikizo hupanda takriban PSI 1 kwa kila ongezeko la joto la nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, na mtu anayepima mchana leo na alfajiri kesho atatafuta uvujaji ambao haupo.

Chanzo cha kwanza cha kushuku ni valvu. Pini yake ya ndani hulegea au huingiwa na mchanga, na mpira wake hupasuka shinani kwa kuzeeka na jua. Paka maji ya sabuni kwenye tundu la valvu, kisha uisukume pembeni kwa kidole huku ukitazama shina lake, kwa kuwa mpira uliopasuka mara nyingi huvuja pale tu unapopindwa. Pini hukazwa au kubadilishwa kwa gharama ndogo sana, na valvu nzima inafaa ibadilishwe kila tairi linapobadilishwa.

Valvu ikiwa nzima na sehemu ya tairi inayokanyaga barabara haina pancha, chanzo kinachofuata, na ambacho katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Unguja ni cha kawaida mno, ni ulikaji wa aloi pale mdomo wa tairi unapokalia rimu. Hewa ya chumvi na maji yaliyojipenyeza hula rangi ya mahali hapo, aluminiamu hutoa unga mweupe, na unga huo huinua mpira kidogo kidogo hadi upepo ukapata njia. Njia ya uhakika ya kulithibitisha ni kulivua gurudumu zima na kulizamisha katika pipa la maji huku ukilizungusha taratibu. Usiwe na haraka. Uvujaji wa PSI chache kwa wiki hautoi mapovu makubwa. Hutoa vijipovu vidogo kama vichwa vya pini, vinavyojikusanya kwenye mstari wa mpira na aloi baada ya dakika moja au mbili. Tazama pande zote mbili, na ule wa ndani utazame kwa muda mrefu zaidi.

Marekebisho yake ni kulitoa tairi, kusugua kiti hicho, yaani sehemu ya rimu linapokalia tairi, kwa mkono kwa msasa wa namba 120 hadi 180 au kwa pedi ya nailoni hadi unga wote uishe na aloi safi ionekane, kukifuta kwa tina ya rangi, kukipaka praima (rangi ya msingi) nyembamba inapobidi, kisha kupaka dawa nyeusi ya kuzibia midomo ya tairi inayouzwa kwa mafundi wa pancha. Mswaki wa waya wa chuma uliofungwa kwenye drili unafanya kazi haraka, lakini huacha vipande vya chuma ndani ya aluminiamu ambavyo baadaye hupata kutu na kuuanzisha ulikaji upya. Diski ya greinda ni mbaya zaidi, kwa sababu huchimba mabonde yasiyoweza kuzibwa na dawa yoyote.

Kama mapovu yanatoka mahali pamoja tu kwenye mstari huo, pitisha kidole kwenye mdomo wa rimu. Huenda umepinda hapo, na sehemu ya tatu ya mwongozo huu ndiyo inayokuhusu. Mapovu yakitoka kwenye aloi yenyewe, mbali na mpira, fahamu kwamba ni ufa au, kwa nadra, ni vitundu vidogo sana vilivyobaki wakati rimu ilipomiminwa. Katika hali zote mbili gurudumu hilo lisirudi barabarani kabla ya kuchunguzwa.

Kuna suluhisho la mtaani ambalo halina budi kukataliwa waziwazi, nalo ni kutia tyubu ndani ya tairi la tubelesi, lile lisilotumia tyubu, ili kuficha rimu inayovuja. Tyubu husuguana na tairi na kupata joto, na ikipasuka upepo hutoka wote kwa mara moja badala ya polepole. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba inanyamazisha dalili ya ufa wakati ufa wenyewe unaendelea kukua.

Onyo jingine ni la wakati wa kurudisha tairi. Kulikalisha kwa kumwaga petroli na kuiwasha kumewaumiza watu, na hakuna rimu inayostahili hatari hiyo. Tairi la gari dogo lisipokaa kwenye kiti chake kufikia PSI 40, usiendelee kuongeza upepo. Utoe wote, paka sabuni ya tairi upya, uanze tena, na likikataa mpelekee fundi mwenye mashine.

Usukani au kiti kinatetemeka kwa mwendo fulani

Kabla ya kuilaumu rimu, uliza mtetemo unatokea lini. Ukitokea unapokanyaga breki tu, tafuta kwenye diski za breki. Ukianza karibu na kilomita 80 kwa saa na kupungua baada ya 110, gurudumu ndilo mshukiwa. Ukisikika zaidi kwenye usukani, anza na magurudumu ya mbele. Ukisikika kwenye kiti na sakafu, anza na ya nyuma. Kanuni hii si ya hakika kwa kila gari, lakini huokoa muda mwingi.

Chanzo cha kawaida kabisa ni tope. Baada ya safari ya barabara ya vumbi wakati wa masika, udongo hujikusanya ndani ya rimu upande wa breki, hukauka, na kuvuruga mizani ya gurudumu kana kwamba vizito vya balansi vimeanguka. Osha upande wa ndani kwa maji ya kutosha kisha uendeshe tena kabla ya kulipia chochote. Ni jambo dogo, na mafundi wengi hawalitaji kwa sababu hakuna malipo ndani yake.

Hatua ya pili ni vizito vyenyewe. Kwenye aloi mara nyingi hutumika vile vya kubandika upande wa ndani, na visipobandikwa juu ya aloi iliyosafishwa na kukaushwa hudondoka. Alama ya gundi iliyobaki bila kizito ni ushahidi wa kutosha. Vile vya kubana mdomoni vikwaruzapo rangi hufungua mlango wa ulikaji, kwa hiyo kama fundi ana vya kubandika, omba hivyo.

Hatua ya tatu husahaulika sana kwa magari yaliyowekwa rimu zisizo zake. Tundu la katikati la rimu za dukani huwa kubwa ili litoshe magari mengi, na pengo kati yake na habu, yaani kitovu cha gari ambapo gurudumu hufungwa, huzibwa kwa pete ya plastiki au aluminiamu. Pete ikipotea, gurudumu hushikiliwa na nati peke yake, linaweza kukaa pembeni kidogo ya katikati, na hakuna balansi itakayoondoa mtetemo huo, kwa sababu kwenye mashine rimu hukaa sawasawa na kwenye gari haikai. Kutu kwenye uso wa habu huleta matokeo kama hayo. Pasafishe hadi pawe laini.

Yote hayo yakiwa sawa, pima duara. Gari likiwa kwenye stendi, simamisha bisibisi au kipande cha waya mgumu kwenye tofali karibu kabisa na mdomo wa rimu bila kuugusa, kisha zungusha gurudumu kwa mkono na utazame pengo linavyopanuka na kusinyaa. Rudia upande wa ndani. Tofauti inayofikia milimita 1 inaonekana kwa macho na inatosha kuipeleka rimu kwenye kipimo cha mshale cha karakana. Tazama pia tairi lenyewe, kwa kuwa pigo la shimo linaloweza kupinda rimu linaweza pia kukata nyuzi za ubavu wa tairi. Uvimbe wa ubavuni kama nusu ya yai maana yake ni kwamba tairi limekwisha, hata kama kashata zake (meno ya kukanyagia) bado ni ndefu.

Mashine ya kawaida ya balansi hupima uzito tu, haipimi uduara. Fundi akiendelea kuongeza vizito hadi vikakaribia gramu 100 kwenye gurudumu moja na kioo kikaonyesha sifuri, mwombe alizungushe tena na mtazame mdomo wa rimu pamoja badala ya kutazama kioo. Ukibadilishana magurudumu ya mbele na ya nyuma na mtetemo usihame, acha rimu, mwite fundi akague boljointi, beringi na ekseli.

Mdomo wa rimu umepinda

Mara nyingi chanzo ni shimo, tuta lisilo na alama au jiwe, na upepo mdogo ndani ya tairi hufanya pigo dogo liwe kubwa. Tairi jembamba la ubavu mfupi halina mto wa kutosha, kwa hiyo wanaobadilisha rimu za inchi 15 kuweka za 18 kwa ajili ya urembo hukutana na tatizo hili mapema.

Kupinda kidogo kwa mdomo wa ndani, kusikofika kwenye mikono na kusiko na ufa, kunaweza kunyooshwa. Kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya haidroliki inayoibana rimu katikati na kusukuma sehemu iliyopinda taratibu, pamoja na joto dogo linalopimwa. Si kazi ya nyumbani, na si kazi ya nyundo ya ratili nyingi pembeni mwa barabara.

Kwenye joto ndipo wengi wanapoharibikiwa. Chuma kikipashwa moto hugeuka chekundu na kumwonya fundi. Aluminiamu haigeuki rangi, hubaki ileile ya fedha mpaka inapokaribia kuyeyuka. Ipo mbinu ya siku nyingi ya kupaka sabuni ya mche mahali panapopashwa moto na kusubiri iwe nyeusi, na wengi huichukulia kuwa alama ya usalama. Kinyume chake, sabuni inapogeuka nyeusi aluminiamu imefikia joto la kulainishwa, ambalo ni juu sana kuliko nyuzi 150 hadi 180 hivi zilizotumika kiwandani kukamilisha ugumu wa rimu. Rimu hiyo itanyooka vizuri na itapendeza, na itapinda tena kwenye shimo la kwanza, kwa sababu ni laini. Ukimwona fundi akielekeza mtungi wa gesi kwenye rimu bila kipimo chochote cha joto, ichukue rimu yako uondoke.

Usikubali kunyoosha kama upindaji umefika kwenye mikono au kwenye uso unaokaa juu ya habu, kama mahali pale paliwahi kunyooshwa, au kama kuna ufa hata mfupi kama ukucha. Baada ya kunyoosha, rimu irudishwe kwenye pipa la maji na kwenye jaribio la nyufa linaloelezwa hapa chini.

Kuna mstari unaofanana na ufa

Mstari unaweza kuwa mkwaruzo, rangi iliyopasuka, au ufa wa kweli. Nyufa huanzia zaidi kwenye mdomo wa ndani na kuelekea katikati, mara nyingi palepale palipopinda. Za kwenye mikono na kuzunguka matundu ya nati ni chache lakini ndizo za hatari zaidi.

Safisha mahali hapo hadi pasiwe na mafuta wala tope, paka mafuta ya taa, acha dakika 15 hivi, futa hadi pakauke kabisa, kisha pakaza unga wa chaki nyeupe iliyosagwa. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa hupanda tena na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki, wakati mkwaruzo wa juu hauonyeshi kitu. Fanya hivyo mahali penye hewa na pasipo na moto wala sigara. Karakana kubwa hutumia dawa nyekundu ya kupulizia kwa kanuni hiyohiyo na huona nyufa ndogo zaidi, kwa hiyo chaki ikikuonyesha ufa iamini, lakini isipoonyesha na wewe bado una shaka, usiridhike nayo.

Ufa ukithibitika, hapo ndipo kazi ya mwenye gari inapoishia. Funga tairi la spea. Kuchomelea kwa mtambo wa argoni kunawezekana kwenye ganda la ndani, mbali na mikono, kwa fundi aliyebobea katika aluminiamu, lakini joto la kuchomelea huondoa ugumu wa aloi pembeni mwa mshono, na watengenezaji wa magari kwa kawaida hawaukubali ukarabati wa namna hiyo. Msimamo wangu ni kwamba rimu yenye ufa ibadilishwe. Ufa ulioko kwenye mkono, kwenye kitovu au kwenye tundu la nati usichomelewe na mtu yeyote kwa bei yoyote.

Kisichojadiliwa kabisa ni kuchomelea au kupasha moto rimu ambayo tairi limo ndani yake, hata kama upepo umetolewa. Joto hugeuza mpira wa ndani kuwa gesi zinazoweza kulipuka, na tairi likipasuka mbele ya mtu huua.

Rimu moja ya mtumba kutoka Japani, katika maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, mara nyingi haigharimu zaidi ya kuchomelea na kupaka rangi ile mbovu. Nenda na ya zamani mkononi, na ulinganishe maandishi yaliyomiminwa nyuma ya mikono: kipenyo na upana, kwa mfano 15x6J, idadi na mpangilio wa matundu, kwa mfano 5x100 au 5x114.3, ambavyo kwa macho hukaribiana lakini haviingiliani. Linganisha pia namba ya ET, inayoonyesha rimu inaingia kiasi gani ndani ya banda la gurudumu, na tundu la katikati. Tafuta pia alama ya JWL, inayoonyesha kwamba rimu ilitengenezwa kwa kiwango cha Japani cha rimu za aloi nyepesi. Kisha igeuze na uitazame upande wa ndani kabla ya kutoa fedha, kwa sababu ya mtumba nayo imeingia mashimoni kabla yako.

Ukingo umekwaruzwa na zege

Hapa mwenye gari mwenye subira anaweza kufanya kazi mwenyewe, mradi kina cha mkwaruzo kisizidi milimita 1 hivi na rimu iwe ya kupakwa rangi. Zile zenye uso unaong'aa wenye mistari myembamba kama ya sahani ya santuri zilikatwa kwa mashine ya kuchonga. Ukizigusa kwa msasa mng'ao huo haurudi bila mashine, na kila ukataji hupunguza unene wa aloi, kwa hiyo haziwezi kukatwa mara nyingi.

Vua gurudumu, ulioshe kwa sabuni ya kuondoa grisi na kulikausha. Anza na msasa wa 120 hadi 180 kulainisha ncha zilizoinuka, ukifuata mviringo wa rimu na si kukata kuupita. Ingia namba 240, kisha 400 kwa maji, hadi kidole kisihisi mpaka kati ya rangi ya zamani na aloi. Shimo dogo la juu linaweza kujazwa kwa puti yenye unga wa aluminiamu, ambayo ni ya kupendezesha tu. Haizibi upepo, haishikilii ufa, na haipakwi pale mdomo wa tairi unapokaa.

Aluminiamu iliyo wazi hujifunika kwa tabaka jembamba la oksaidi ambalo rangi ya kawaida hailishiki. Ndiyo sababu inahitaji etchi praima, ile yenye asidi kidogo inayong'ata aloi, tena ndani ya muda mfupi baada ya kusugua. Fuata kwa praima ya kujaza kama inahitajika na kama maelezo ya kopo yanairuhusu, kisha rangi kwa makoti membamba kadhaa, kisha klia. Ziba kwa tepu uso unaokaa juu ya habu na viti vya nati kabla ya kupulizia. Sababu itaonekana mwishoni.

Unga wa aluminiamu na mvuke wa rangi si vitu vya kuvuta, kwa hiyo vaa barakoa inayostahili na fanya kazi nje. Klia ya kuchanganya na hadena ina kemikali za isosianeti zinazoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na kitambaa cha puani hakizizuii. Kazi hiyo mwachie fundi wa rangi mwenye barakoa ya kuletewa hewa safi. Kusafisha rimu kwa kurusha mchanga wa ufukweni kwa kompresa nako kuna madhara mawili, kwa kuwa vumbi la mchanga huharibu mapafu na chumvi yake hubaki kwenye aloi.

Madoa meupe au mistari kama njia za minyoo chini ya klia

Huu ni ulikaji unaotambaa chini ya tabaka la juu kuanzia mahali palipodonolewa na kokoto au kukwaruzwa na kizito. Mara nyingi umechochewa na dawa kali za kuoshea, hasa zenye asidi zinazotumika kwenye baadhi ya sehemu za kuoshea magari kwa sababu zinang'arisha upesi, na pia na vumbi la breki lililoachwa miezi mingi. Kupaka klia mpya juu yake ni kazi bure. Tabaka lote la eneo hilo lazima liondolewe hadi aloi safi, kupita mwisho wa mstari unaoonekana, ndipo upake upya kama ilivyoelezwa juu. Ikiwa umeenea rimu nzima, ni nafuu kuipeleka kwa wapaka rangi ya unga, ambao huoka kwa nyuzi 180 hadi 200 hivi kwa muda mfupi. Waulize wanapimaje joto la tanuri, maana rimu ikikaa humo kupita kiasi inarudi kwenye hatari ileile ya kulainika.

Rangi mpya imeharibika

Vijishimo vya duara kama macho ya samaki husababishwa na mafuta au silikoni, na mara nyingi chanzo ni ile dawa ya kung'arisha matairi, ambayo hurukia rimu na haitoki kwa maji ya sabuni pekee. Subiri ikauke, sugua, futa kwa dawa ya kuondoa silikoni kwa kitambaa safi, anza tena. Weupe kama ukungu juu ya klia ni unyevu wa hewa, tatizo la asubuhi za pwani na siku za mvua. Ngoja saa ambazo hewa imekauka. Rangi inayochirizika imewekwa nzito au karibu mno. Inayobanduka kama ganda, ikiacha aloi inang'aa chini yake, ilikosa etchi praima, nayo haina kiraka, ni kuitoa yote.

Nati zinalegea baada ya ukarabati

Kugonga kunakosikika polepole gari linapoondoka au kukata kona, siku chache baada ya rimu kurudishwa, ni sababu ya kusimama mara moja na kukagua nati. Chanzo cha kwanza ni rangi iliyowekwa kwenye viti vya nati na kwenye uso wa habu. Rangi hiyo husagika kwa mzigo, unene wake hupotea, na nati iliyokuwa imekaza hubaki bila mkazo. Ikwangue hadi aloi.

Cha pili ni nati zisizo za rimu hiyo. Rimu nyingi za aloi za Toyota zilizotoka kiwandani hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa, wakati rimu za chuma na nyingi za dukani hutumia nati yenye ncha ya koni, na Honda nyingi hutumia yenye ncha ya mviringo kama mpira. Zinaweza kuingia kwenye stadi ileile (bolti inayoshika nati) bila shida, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu nati ya koni kwenye kiti bapa hugusa kwa ukingo mwembamba tu, hula aloi na kulegea. Spea ya chuma nayo inahitaji nati zake, kwa hiyo weka seti hiyo ndani ya buti.

Kaza kwa mpangilio wa nyota, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa Toyota ndogo nyingi ni Nm (nyutonimita) 103. Usipake grisi kwenye nyuzi, kwa sababu mkazo halisi utazidi unaousoma. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukikuta tundu la nati limekuwa yai, stadi imekatika au nyuzi zimeliwa, gari lisiendeshwe hata hadi gereji ya jirani. Fundi aje na stadi mpya, na rimu yenye tundu lililotanuka itupwe.